Kichocheo Nafuu, Umeme Ghali: Haidrojeni ya Maji Inakwama Wapi?

Hakuna mwezi unaopita bila habari ya wanasayansi, leo wa Barcelona, kesho wa Japani au California, waliopata kichocheo cha bei nafuu cha kutengenezea haidrojeni kutokana na maji. Habari hizo hufuata mkondo uleule: platinamu na iridiamu ni ghali, nikeli na kobalti ni rahisi, watafiti wamefaulu kubadilisha, basi haidrojeni safi ya bei poa i karibu. Anayezifuatilia kwa miaka kumi sasa ana haki ya kuuliza imekwama wapi. Mwaka 2023 dunia ilitumia takribani tani milioni 97 za haidrojeni, nyingi zikiishia kwenye viwanda vya mbolea na vya kusafisha mafuta. Iliyotokana na kupitisha umeme kwenye maji haikufika hata asilimia 1. Karibu yote iliyobaki ilitoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe.

Mitandaoni nako kuna mkanganyiko wa aina yake: video za magari yanayodaiwa kutembea kwa maji, eti kwa msaada wa kichocheo cha siri. Kosa la video hizo na kosa la vichwa vya habari yana mzizi mmoja. Yote mawili yanakipa kichocheo kazi isiyo yake.

Kichocheo hufanya nini hasa

Maji hayatengani bure. Kila kilo moja ya haidrojeni inadai nishati isiyopungua kilowatisaa 39.4, na hakuna metali, ya thamani au isiyo na thamani, inayoweza kulipunguza deni hilo. Ndiyo maana gari la kutumia maji haliwezekani: nishati utakayoipata ukiichoma haidrojeni haizidi ile uliyoitumia kuitoa majini.

Kwa lugha ya mafundi umeme, volti 1.23 ndicho kima cha chini kabisa cha kuyatenganisha maji. Ukitaka joto linalohitajika nalo litoke kwenye umeme uleule, hesabu inapanda hadi 1.48. Mitambo halisi hudai kati ya 1.7 na 2. Ziada hiyo ndiyo uwanja wa kichocheo, ingawa si wote ni wake, kwa kuwa sehemu yake hupotea kwenye utando na kwenye maji yenyewe. Kila sehemu ya kumi ya volti inayopotea huongeza kilowatisaa 2.66 kwa kila kilo ya haidrojeni. Tarakimu hiyo ndogo itatufaa baadaye.

Kanuni ya kuchagua kichocheo ilitokana na kazi za Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kichocheo ni kama dalali: akiwa baridi mno hawakutanishi muuzaji na mnunuzi, na akiwang'ang'ania baada ya biashara kuisha hana nafasi ya kupokea wateja wengine. Platinamu huishika atomu ya haidrojeni kwa nguvu ya kadiri, kisha huiachia. Nikeli huishika zaidi kidogo ya inavyofaa.

Hiyo ni kwenye kathodi, upande inakotokea haidrojeni, na kazi ya pale ni nyepesi. Ugumu uko kwenye anodi, inakotoka oksijeni. Pale elektroni nne lazima ziondoke na atomu mbili za oksijeni zishikane, katika mazingira yanayokula metali nyingi kama kutu. Habari ya kichocheo kipya isiyosema ni cha upande gani imeacha jambo la msingi kabisa.

Njia mbili, metali mbili

Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle waliyatenganisha maji kwa umeme mwaka 1800, wakitumia betri ya aina iliyokuwa imebuniwa na Volta muda mfupi tu kabla. Viwanda vilivyofuata karne ya 20 vilishika njia ya alkali: maji yenye potasiamu haidroksaidi kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 30, joto la nyuzi 70 hadi 90, na elektrodi za chuma na nikeli. Ndani ya alkali nikeli hujivika ngozi nyembamba ya haidroksaidi inayoilinda isiliwe, na ngozi hiyohiyo ndiyo inayochochea oksijeni itoke. Rjukan nchini Norwe, Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe zote zilitengeneza haidrojeni ya mbolea kwa njia hii, kwa umeme wa maporomoko na mabwawa, bila gramu moja ya iridiamu.

Njia ya pili ilizaliwa miaka ya 1960 katika maabara za General Electric, enzi ya safari za anga. Badala ya kimiminika cha alkali waliweka utando wa plastiki wenye tabia ya tindikali. Mtambo ukawa mdogo, ukastahimili mkondo mkubwa zaidi wa umeme, ukatoa gesi safi yenye shinikizo na ukaweza kupanda na kushuka haraka pamoja na jua au upepo. Gharama ya uzuri huo ni tindikali yenyewe. Nikeli, chuma na kobalti huyeyuka humo. Kwenye anodi, kinachodumu kwa miaka na bado kikachochea vizuri ni oksidi ya iridiamu.

Kwa hiyo haidrojeni bila metali ya thamani si uvumbuzi wa karne hii. Ilitangulia ile ya iridiamu kwa miongo kadhaa. Jipya ni hamu ya kuipata ndani ya tindikali, na hapo ndipo watafiti wanapogawanyika.

Wanaotaka kuiondoa iridiamu kwenye tindikali

Hoja yao ina uzito. Dunia nzima huzalisha tani 7 hadi 8 tu za iridiamu kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka Afrika Kusini. Haichimbwi peke yake, bali huambatana na platinamu. Bei yake ikipanda, hakuna mwenye mgodi atakayechimba zaidi kwa sababu ya iridiamu pekee. Mtambo wa tindikali wa leo hutumia takribani nusu gramu kwa kila kilowati, sawa na kilo 500 kwa gigawati. Hata ukinyakua iridiamu yote ya mwaka, ukawanyima watengenezaji wa plagi za magari na wa vifaa vya kielektroniki, utapata gigawati 15 hivi. Mipango iliyotangazwa kwa ajili ya 2030 ni ya mamia ya gigawati, ingawa mingi bado iko kwenye karatasi.

Upande wa kathodi wamepiga hatua ya kweli. Mwaka 2005 kundi la Jens Nørskov huko Denmark, likitazama vimeng'enya vya bakteria vinavyotengeneza haidrojeni kwa chuma na nikeli, lilikokotoa kwamba kingo za molibdeni salfaidi zingeweza kufanya kazi inayokaribia ya platinamu. Unga huo mweusi mafundi magari wanaujua ndani ya grisi, na ulikuwa umedharauliwa kwa sababu uso wake bapa hauchochei chochote. Miaka miwili baadaye Thomas Jaramillo na wenzake walithibitisha kwa majaribio kwamba uhai uko kwenye kingo. Mwaka 2019 yeye na wenzake wa Stanford waliweka kobalti fosfaidi kwenye mtambo wa kibiashara, ukafanya kazi kwa zaidi ya saa 1,700 kwa mkondo wa kiwandani. Kazi nzuri. Lakini iliondoa platinamu, ambayo si tatizo kubwa, na ikaiacha iridiamu palepale.

Kwenye anodi mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Barcelona walitumia kobalti na tangsteni, wakaendesha mtambo kwa saa 600 na ushei kwa ampea moja kwa kila sentimita ya mraba. Mwaka huohuo watafiti wa RIKEN nchini Japani walifika saa 1,000 kwa oksidi ya manganisi, ila kwa mkondo mdogo kama mara tano. Kwa maabara hayo ni mafanikio makubwa. Kwa mwenye kiwanda, saa 600 ni siku 25, na yeye anadai saa 60,000 au zaidi. Kuna pia kasoro isiyosemwa sana: metali inayoyeyuka haiishii kupotea. Ayoni zake huingia kwenye utando, zikaziba njia, na zile za chuma hasa huzaa kemikali kali zinazoutafuna utando wenyewe. Kichocheo cha bei rahisi kinaweza kuua kifaa cha bei ghali.

Halafu wapo wanaoitumia iridiamu kwa ubahili: kuisambaza nyembamba zaidi juu ya kitu kingine na kuirejesha mtambo unapochakaa. Wakifanikiwa kushusha nusu gramu hadi sehemu yake ya kumi, gigawati 15 zinakuwa 150. Nadhani hawa ndio washindani wa kweli wa kobalti na manganisi, na wanasemwa kidogo kwa sababu habari ya kupunguza haina mvuto wa habari ya kuondoa.

Wanaobaki na nikeli

Kambi hii inasema: kama tindikali inaila nikeli, kwa nini kuing'ang'ania tindikali? Iboreshwe alkali, ambayo tayari inashika sehemu kubwa ya mitambo iliyofungwa duniani na ambayo viwanda vya China vinaiuza kwa bei ya chini kuliko wengine.

Wana historia ya kujivunia. Murray Raney alipata hataza yake ya nikeli yenye matundu mwaka 1927: unayeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha unaiosha alumini kwa alkali, na kinachobaki ni nikeli iliyojaa vitundu na yenye uso mkubwa ajabu. Mbinu hiyo bado inatumika kwenye kathodi. Kwenye anodi habari ni ya chuma. Watengenezaji wa betri za nikeli na chuma za Edison walijua kwamba chembe za chuma zikiingia kwenye elektrodi ya nikeli huiharibu, kwani huanza kutoa oksijeni badala ya kuhifadhi umeme. Adui wa betri akawa rafiki wa haidrojeni. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba hata uchafu mdogo mno wa chuma huifanya oksidi ya nikeli ichochee vizuri zaidi, na mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher huko Oregon likabainisha kwamba nikeli iliyosafishwa chuma chote ni kichocheo dhaifu. Sifa nyingi ambazo nikeli ilipewa kwa miongo kumbe zilikuwa za chuma.

Udhaifu wa njia hii haumo kwenye kichocheo, umo kwenye mtambo. Umeme ukipungua sana, gesi mbili huanza kupenya na kuchanganyika, na haidrojeni ikizidi asilimia 4 ndani ya oksijeni kuna hatari ya mlipuko. Kwa hiyo mtambo haushuki chini ya kiwango fulani cha mzigo. Ukizimwa kabisa, seli hugeuka betri kwa muda, mkondo ukarudi nyuma na nikeli ya kathodi ikaoksidika. Mtambo unaozimwa kila jua linapotua huchakaa kuliko ule unaokesha kwa umeme wa bwawa au wa mvuke wa ardhini.

Jibu jipya ni utando unaopitisha ayoni za haidroksaidi, unaojaribu kuunganisha umbo dogo la mtambo wa tindikali na nikeli ya alkali. Mitambo midogo ya aina hiyo imeshaingia sokoni, na kampuni ya Enapter ni mojawapo ya wauzaji. Kikwazo ni utando wenyewe, ambao huchakaa ndani ya alkali ya moto. Ningekuwa na shilingi moja ya utafiti, ningeiweka kwenye utando huo kabla ya kuiweka kwenye kichocheo kingine cha nikeli.

Platinamu iliyojificha maabara

Inafaa kuingia maabara kidogo, maana huko ndiko vichwa vya habari vinakotungwa. Kichocheo kipya hupakwa kwenye kipande kidogo cha kaboni au sponji ya nikeli na kuzamishwa kwenye chombo chenye elektrodi tatu. Mkondo unaotumika kulinganisha vichocheo ni miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, kiwango kilichotokana na utafiti wa kutumia jua moja kwa moja. Mtambo wa tindikali kiwandani huenda kwa miliampea 1,000 hadi 2,000. Anayeshinda kwa 10 anaweza kushindwa vibaya kwa 1,000, ambako mapovu ya gesi huufunika uso na kuubandua mpako.

Elektrodi ya pili, ya kukamilisha mzunguko, mara nyingi huwa waya wa platinamu. Jaribio likiendelea kwa saa nyingi, platinamu kidogo huyeyuka kutoka kwenye waya, husafiri majini na kutua juu ya kichocheo kinachopimwa. Kesho yake kichocheo kinaonekana kimeimarika. Mtafiti anaandika kwamba kimejiamsha chenyewe, kumbe metali ya thamani aliyotaka kuikimbia imerudi kwa mlango wa nyuma. Dawa yake inajulikana, nayo ni kutumia grafiti badala ya platinamu, na majarida makini sasa yanaidai. Chuma hufanya hila hiyohiyo kwa kupitia uchafu wa alkali ya dukani. Na anayetumia sponji ya nikeli huhesabu eneo lake kama bapa, huku uso halisi ukiwa mkubwa mara nyingi zaidi.

Tuhesabu

Kwa bei za 2024 iridiamu ilikuwa kama dola 150 kwa gramu, na nikeli kama dola 17 kwa kilo. Gramu kwa gramu, moja ni ghali karibu mara 9,000 kuliko nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoandikwa. Lakini mtambo wa tindikali unahitaji nusu gramu ya iridiamu kwa kilowati, yaani dola 75, wakati mtambo wa alkali hubeba takribani kilo nzima ya nikeli kwa kilowati, yaani dola 17. Pengo la mara 9,000 limebaki mara nne na kidogo.

Sasa tuupe mtambo kazi ya saa 60,000. Ukitumia kilowatisaa 52 kwa kilo, kila kilowati itakuwa imetoa kilo 1,150 za haidrojeni, na ile iridiamu ya dola 75 imeongeza senti 6 au 7 kwa kila kilo. Umeme, hata kwa bei nzuri ya senti 5, umeongeza dola 2.60. Na kama kichocheo nafuu kilichochukua nafasi ya iridiamu kinapoteza sehemu ya kumi ya volti, zile kilowatisaa 2.66 kwa kilo zinakuwa dola 153 katika maisha ya mtambo. Umeokoa 75 ukatumia 153.

Hesabu hugeuka mtambo ukifanya kazi kidogo. Ukitegemea jua peke yake, kwa saa 2,000 kwa mwaka na miaka kumi, hasara ya volti hiyo inashuka hadi dola 51, na kichocheo nafuu kinaanza kulipa. Mwenye umeme wa saa chache anatafuta mtambo rahisi, na mwenye umeme wa saa zote anatafuta mtambo usiopoteza.

Hesabu hizi hazisemi iridiamu haina shida. Zinasema shida yake ni uhaba kuliko bei. Atakayeondoa iridiamu atakuwa ameondoa kizuizi cha kujenga mitambo mingi. Kushusha bei ya kilo ni kazi nyingine, na kwa sehemu kubwa hiyo ni kazi ya umeme.

Kwekwe haikufungwa na kichocheo

Ushahidi wa karibu uko Zimbabwe. Kiwanda cha mbolea cha Sable Chemicals, karibu na Kwekwe, kilitengeneza amonia kwa haidrojeni ya maji kwa miongo kadhaa, kwa elektrodi za bei nafuu zilezile zinazotangazwa leo kama ndoto. Mtambo wa kutenganisha maji ulizimwa mwaka 2015. Ulikuwa unameza zaidi ya megawati 100 katika nchi yenye mgao wa umeme, na bei ya chini iliyokuwa inaubeba haikuweza kuendelea. Aswan nayo ilihamia gesi asilia. Kama vichocheo nafuu vingetosha, miji hiyo miwili ingekuwa inaongoza dunia.

Metali nafuu nazo zina kwao

Neno nafuu halimaanishi kupatikana popote. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, Kolwezi ikiwa moyo wa shughuli hiyo. Anayeihama iridiamu ya Afrika Kusini akaenda kwenye kobalti amehama utegemezi mmoja kwenda mwingine, tena wenye maswali mazito ya watoto migodini na maji yaliyochafuliwa. Nikeli ina nafuu zaidi kwa kuwa dunia huchimba zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, na gigawati nzima ya mitambo ya alkali inahitaji kama tani 1,000. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya nikeli hiyo hutoka Indonesia, ambako uyeyushaji wake hutegemea sana makaa ya mawe. Chuma na manganisi ndizo metali zisizo na bwana mmoja, nazo ndizo zenye safari ndefu zaidi ya kiufundi.

Amana za nikeli za Kabanga wilayani Ngara, Tanzania, na Musongati nchini Burundi hutajwa kila mjadala wa haidrojeni unapoanza. Zikichimbwa, wateja wake wakuu watakuwa chuma cha pua na betri. Mitambo ya kutenganisha maji itanunua sehemu ndogo sana, na mpango wa haidrojeni usitumike kuhalalisha mgodi.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki aulize nini

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023, mbolea ikiwa shabaha ya mwanzo, na katika shamba moja karibu na Naivasha kuna mtambo mdogo wa umeme wa jua uliokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku. Tani hiyo inahitaji kilo 178 za haidrojeni, yaani kama kilowatisaa 9,000 kila siku kabla hata ya kuigeuza kuwa amonia. Tanzania ina megawati 2,115 za bwawa la Julius Nyerere na maombi mengi yanayozigombea.

Kwa mazingira hayo, swali la metali gani imepakwa kwenye elektrodi ni la nne au la tano. La kwanza ni saa ngapi za umeme kwa mwaka, na kwa bei gani. Mvuke wa ardhini wa Olkaria nchini Kenya, unaotoka usiku na mchana, unauponya mtambo wa alkali udhaifu wake mkubwa wa kuzimwa na kuwashwa. Jua tupu halifanyi hivyo, na anayelitegemea aipime kwa makini mitambo ya utando kabla ya kufuata bei ya chini. Kisha aulize mtambo utatumia kilowatisaa ngapi kwa kilo mwaka wa saba, maana tarakimu ya siku ya uzinduzi huwa nzuri daima, na nani atazipaka upya elektrodi zikichakaa: fundi wa hapa au kontena la kusafirishwa hadi ng'ambo. Elektrodi za nikeli zinaweza kupakwa upya kwa ujuzi wa upakaji metali kwa umeme, ujuzi ambao karakana za Nairobi na Dar es Salaam zinaweza kuufikia. Za iridiamu zitarudi kwa aliyeziuza, kwa masharti yake.

Kwa mradi wa mbolea unaotaka kuanza kabla ya 2030, kwa hiyo, naona alkali ya nikeli iliyozoeleka ndiyo ya kununuliwa, na utando mpya wa haidroksaidi ujaribiwe pembeni kwa kipimo kidogo. Vichocheo vya kobalti na manganisi ndani ya tindikali vingoje hadi mtu aviendeshe saa 20,000 kwa mkondo wa kiwandani, kwa elektrodi ya pili isiyo ya platinamu.